Miezi 96 ya mshahara upi?

Mhariri,

Mfanyakazi akifa kazini katika nchi hii ya Kenya, sheria inataka wategemezi wake walipwe mapato yake ya miezi 96 kwa mkupuo. Ni miaka minane ya jasho la marehemu. Hayo yamo katika Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ile ambayo maofisini wanaiita WIBA, na kiwango hicho sina ugomvi nacho. Nimefundisha hesabu katika shule za msingi za kaunti hii mpaka nikastaafu, kwa hiyo kuzidisha kwa 96 hakunitishi. Kinachonitisha ni ile namba inayozidishwa. Mafundi wengi wa hapa Amu, yaani Lamu, mshahara wao haujaandikwa popote, na pasipo na maandishi tajiri ndiye anayeitaja hiyo namba, tena huitaja wakati mwenyewe keshazikwa.

Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pili, alikuwa fundi mwashi. Amekufa akikarabati nyumba ya mawe hapa mtaani Mkomani. Nyumba siitaji, wala mkandarasi, maana shauri halijaisha na mji wetu ni mdogo, anayejua anajua. Kwa wasomaji wa bara nieleze kidogo kazi yenyewe. Nyumba zetu za kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe, na dari zake ni boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, juu yake mawe madogo na chokaa. Maji ya mvua yakipata ufa sakafuni, boriti huoza ile ncha iliyofukiwa ukutani, mahali jicho halifiki. Katikati utaiona nzima, hata ukiigonga inalia vizuri. Fundi anayeijua kazi hutoboa ukuta kwanza akaitazama ncha, kisha akasimamisha nguzo za kushikilia kabla mtu hajapanda juu. Siku ile nguzo zilikuwa zimehamishiwa chumba cha pili, kwa kuwa kazi ilikuwa imechelewa na mwenye nyumba alikuwa njiani kuja kuiona. Dari ikashuka naye.

Watu walisema yale yanayosemwa. Kila mtu na siku yake. Mimi ni Mwislamu, na kadari naiamini kama wanavyoiamini wao. Lakini kwenye mazishi yetu, kabla jeneza halijanyanyuliwa, mtu wa familia husimama akatangaza kwamba anayemdai marehemu aje kwetu, tutamlipa. Hata shilingi mia za dukani hulipwa kabla mirathi haijagawanywa. Kifo kimekuja kwa kudra na deni limebaki deni, hakuna anayeona ajabu. Sasa mbona deni ambalo tajiri anadaiwa na marehemu ndilo linalofukiwa pamoja naye? Sijapata kumsikia mkandarasi akisimama pale nje ya msikiti akasema, mimi huyu ananidai.

Sheria ina saa zake na kalenda yake, na walioipanga hawakuwa wakitufikiria sisi. Ajali iliyoua yatakiwa iripotiwe kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya saa 24. Madai ya fidia yawe yamewasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya kifo. Sisi nasi maiti hatumlazi. Mkwe wangu alifariki kabla ya adhuhuri, na baada ya alasiri alikuwa kaburini. Uchunguzi wa maiti hakuna aliyeutaja, na ambaye angeutaja saa ile angeonekana hana imani. Waliompeleka hospitali ni mafundi wenzake pamoja na msimamizi wa kazi, na aliyezungumza na wauguzi ni msimamizi. Akasema ameanguka. Karatasi ikaandikwa "kuanguka kutoka juu". Juu ya nini? Mnazi? Ngazi za kwake nyumbani? Karatasi haisemi, na ule upungufu ndio mlango ambao mkandarasi aliupitia baadaye, alipoandika kwamba hana uhakika marehemu alikuwa kazini saa hiyo. Watu wanane walimtoa chini ya kifusi mchana kweupe, na mwenye kazi hana uhakika!

Hapa nina neno kwa jamaa za mafundi, na naomba Mhariri usilikate hata kama nafasi ni finyu. Kuripoti polisi na kupewa namba ya OB, kile kitabu chao cha matukio, hakucheleweshi mazishi. Mtu mmoja wa familia aende, wengine waendelee na sanda. Mwambieni daktari aandike mahali ajali ilipotokea na saa yake, si kuanguka tu. Pigeni picha mahali penyewe jioni hiyo hiyo, maana kesho yake patakuwa pamefagiliwa. Palifagiliwa.

Binti yangu akaingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane yuko ndani. Toa muda huo kwenye ile miezi 12, utaona kilichobaki ni miezi saba na nusu hivi, na ndani yake kuna kutafuta cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na boti na basi za kufuata kila kimoja. Mjane anaweza kumtuma mtu, na sisi tulifanya hivyo: nilikwenda mimi. Lakini si kila mjane ana mama aliyezoea kukaa kwenye foleni za ofisi za serikali. Hiyo ni faida moja ya ualimu ambayo haikuandikwa kwenye barua ya ajira.

Na ndani ya eda ndimo ugeni unamoingia. Msimamizi alikuja na gunia la mchele, sukari, bahasha ya shilingi 50,000 na karatasi iliyopigwa chapa. Alizungumza kwa adabu kubwa. "Bi Mwalimu, huu ni ubani wetu tu." Karatasi ilisema familia imepokea na haina dai lingine lolote kwa kampuni. Mchele niliupokea, mtu hakatai chakula cha matanga. Bahasha na karatasi nikamrudishia, nikamwambia kwamba tangu nizaliwe sijaona ubani unaotiwa sahihi. Baadaye afisa wa kazi alitueleza kuwa hata tungetia, karatasi ile isingekuwa na nguvu, kwa sababu haki ya fidia chini ya WIBA haiachwi kwa makubaliano. Basi kuna nyumba hapa hapa mjini ambazo dole gumba limepigwa kwenye karatasi kama hiyo na mambo yakaishia hapo, kwa kuwa wenyewe waliambiwa yameisha. Kama miezi 12 haijapita, hayajaisha.

Tulipoanza kudai, mwajiri alitoweka. Sina maana kwamba alihama. Mwenye nyumba anaishi ng'ambo, na wakala wake alisema kazi yote ilikabidhiwa mkandarasi. Mkandarasi akasema dari alimpa fundi mkuu kwa mapatano. Fundi mkuu naye ni mtu wa Matondoni ambaye hana ofisi wala akaunti, analipwa siku kama wenzake na shilingi mia mbili zaidi, na alipoulizwa kama ndiye mwajiri alicheka, kisha akalia. Sheria inamtaka kila mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake, na kutokuwa nayo ni kosa. Niliuliza bima iko wapi. Nikaonyeshwa bima ya nyumba. Ukuta, milango ya nakshi na fanicha, vyote vimekatiwa. Aliyekuwa juu ya dari hayumo.

Wakajaribu pia kofia. Eti hakuvaa kofia ya chuma, kwa hiyo alijiletea mwenyewe. Kofia zilikuwa mbili kwa watu wote wa kazi, lakini hilo tuliache. Hata angekuwa na kosa, WIBA haimnyimi mtu fidia kwa utovu wake wa nidhamu pale ajali inapoleta kifo. Nilisoma kifungu hicho mara kadhaa kwa sababu sikuamini kwamba kuna mahali sheria imemkumbuka mjane wazi hivyo.

Sasa tuje kwenye hesabu. Mkandarasi alipobanwa alikubali kwamba ndiyo, mtu huyo alikuwepo, lakini alikuwa saidia fundi, kibarua wa shilingi 700 kwa siku. Chukua siku 26 za mwezi, ni shilingi 18,200. Zidisha kwa 96, unapata 1,747,200. Mkwe wangu alikuwa fundi kamili, analipwa 1,500 kwa siku. Siku 26 ni 39,000, na mara 96 ni 3,744,000. Tofauti ya fundi na saidia fundi, ikishapitia kwenye 96, ni shilingi 1,996,800. Ndiyo maana nasema 96 ni namba nzuri mikononi mwa mwenye kumbukumbu. Kila shilingi moja ya mwezi unayomnyang'anya maiti, umewanyang'anya watoto wake shilingi 96.

Kilichotuokoa ni simu. Kila Alhamisi, kwa vile Ijumaa hakuna kazi, msimamizi alikuwa akimtumia malipo kwa M-Pesa, shilingi 9,000, siku sita za 1,500. Wengine walipewa mkononi. Yeye aliomba kwa simu kwa sababu alikuwa akiogopa kupita sokoni na pesa mfukoni, alikuwa mwepesi wa kununua. Jumbe zile zipo, na taarifa ya miezi yote tumeitoa. Ina tarehe, ina kiasi, ina jina la aliyetuma. Ofisi imeipokea. Mkandarasi sasa anadai ndani ya 9,000 mlikuwa na pesa za kununulia misumari. Kila Alhamisi misumari ya bei ile ile? Nyumba za mawe hazijengwi kwa misumari mingi kiasi hicho.

Ipo pia Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo wa 2007, na watu wengi hawaijui sehemu hii. Kifungu chake cha 10 kinasema mashauri yakifika mbele na mwajiri akashindwa kutoa mkataba wa maandishi, kuthibitisha au kupinga sharti linalobishaniwa ni juu yake yeye. Kukosa karatasi hakumwangukii fundi. Na kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi hahesabiwi tena kuwa wa siku kwa siku. Ukweli ni kwamba tukienda ofisini sisi ndio tunaoambiwa tulete karatasi, kana kwamba marehemu ndiye aliyekuwa na jukumu la kujiandika.

Kuna wanaoshauri twende moja kwa moja mahakamani, tutafute wakili. Zamani ilikuwa hivyo. WIBA ilipoanza kutumika mwaka 2008 Chama cha Mawakili kiliipinga, kesi ikapanda kutoka Mahakama Kuu hadi ya Rufaa, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikaamua kuwa sheria ni halali. Madai huanzia kwa Mkurugenzi. Asiyeridhika hupinga kwake kwanza, kisha ndipo aende Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Kwetu hiyo ni kuvuka kwa boti hadi Mokowe, halafu Witu, Garsen, mpaka Malindi, zaidi ya kilomita 200 kwenye barabara ambayo kila abiria wa Lamu anajua kwa nini dereva hataki kuipita usiku. Mwenye nyumba hupanda ndege pale uwanja wa Manda.

Sijasema la mabaharia, na hapo sheria yenyewe ni nyembamba. Kwenye mashua za Kizingitini na Faza hakuna mshahara. Pato linagawanywa mafungu: la chombo, la nyavu, la nahodha, la mabaharia. WIBA inamzungumzia mtu aliyeajiriwa kwa ujira. Baharia akizama wakati wa kusi, mwenye chombo atasema sisi tulikuwa washirika, na ushirika hauna fidia. Mshirika gani huyo asiyekuwa na kauli juu ya siku ya kutoka, wala hali ya chombo, wala bei ya samaki wakishafika bandarini? Mbunge yeyote wa pwani akitafuta mswada wa maana, huo hapo.

Dada yangu ameolewa Tanga na ndiye aliyenieleza ya huko. Tanzania Bara wana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Waajiri wanachangia kila mwezi kulingana na mishahara wanayolipa, na mtu akifa kazini mjane anadai kwenye Mfuko, hamfukuzi tajiri wala kampuni ya bima. Wategemezi hupewa pensheni ya kila mwezi. Sisemi kwao ni peponi. Kibarua ambaye tajiri hakumsajili atapata taabu kule kama hapa. Lakini nimekaa na binti yangu tukatazamana na swali hili: ukipewa mamilioni mara moja ukiwa na miaka 29, na mashemeji wamekaa sebuleni wakisema hiyo ni mirathi igawanywe, bora kipi? WIBA inasema ni mali ya wategemezi. Mashemeji hawajaisoma. Pensheni ya kila mwezi ingewaondoa sebuleni, na hili naliandika nikijua watalisoma.

Nimalizie na kaunti yetu. Mji wa Kale wa Lamu uko katika urithi wa dunia tangu mwaka 2001, na ni fahari, sikatai. Huwezi kugusa nyumba humu bila kibali. Watakuuliza chokaa au saruji, watakuuliza urefu wa ukuta, watakuuliza mlango unaotaka kuutoa ni wa zamani gani. Vizuri. Kwenye fomu hiyo hiyo waongeze mistari miwili: nakala ya bima ya wafanyakazi, na orodha yao. Jina, namba ya kitambulisho, kazi anayofanya, kiwango cha siku, simu ya jamaa wa karibu. Mtu mpya akiingia kazini, aongezwe asubuhi hiyo kabla hajashika mwiko. Orodha ibandikwe mlangoni mwa nyumba inayokarabatiwa, kila apitaye aione, na fundi mwenyewe asome kama ameandikwa 1,500 au 700. Wakandarasi watasema ni gharama. Daftari la kurasa 96 ni bei ya vikombe vichache vya kahawa pale ukutani mwa ngome, nami niko tayari kuwachorea mistari.

Maimamu wetu nao, wanapotangaza msiba wa mtu aliyefia kazini, waulize hadharani kazi hiyo ilikuwa ya nani. Jibu likishasikiwa na safu tatu za watu, hakuna msimamizi atakayesema baadaye hana uhakika.

Nimeambiwa nyumba zilizo chini ya matengenezo hapa mjini zimeorodheshwa ofisini. Basi namwomba anayehusika ajibu katika ukurasa huu huu wa gazeti lako: kati ya nyumba hizo, zenye bima ya mafundi walio juu ya dari leo ni ngapi, na ni zipi?

Mwalimu mstaafu,
Mkomani, Lamu